Mtoto Kufundishwa Ngoma Shuleni: Ndugu Mzazi, Uliza Kabla ya Kumtoa





Muhula wa pili mwaka jana, baba mmoja alinijia madrasa baada ya swalah ya Alasiri. Binti yake ana miaka minane, yuko gredi ya tatu, na shuleni wanafundishwa kucheza ngoma. Akaniuliza, "Maalim, nifanyeje?" Nami bila ya kumuuliza hata swali moja nikamjibu, "Mtoe."

Akamtoa. Baada ya wiki tatu nikapata habari kwamba kila somo hilo likifika, mtoto yule huketi peke yake chini ya mwembe, akiwashikia wenzake mikoba. Na hiyo ngoma yenyewe ilikuwa ni nini? Ni mchezo wa kupiga makofi na kuruka kwa hatua, wasichana watupu, wamevaa sare na hijabu zao. Nilimwendea baba yule nikamwomba radhi. Makala haya nayaandika kwa sababu ya kosa langu hilo.

Hapa Kenya jambo hili halitatuondokea. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, ngoma na miondoko imo ndani ya masomo ya sanaa ya shule za msingi, pamoja na kuimba, kuchora na michezo ya viungo. Juu ya hayo kuna mashindano ya muziki baina ya shule, ambayo huanzia mashinani mpaka kufika ngazi ya taifa. Basi kila mzazi wa Kiislamu, hata wa kijijini, iko siku mtoto wake atarudi nyumbani na habari hii.

Sasa, dini yetu inasemaje? Imepokewa katika Bukhaariy na Muslim kwamba Mahabeshi walicheza na mikuki yao Msikitini siku ya 'Iyd, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) hakuwakataza, bali alimwacha Bi 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) atazame mpaka akatosheka. Na Imaam An-Nawawiy, aliyefariki mwaka 676 H, katika kitabu chake Minhaaj ambacho mashekhe wetu wa pwani wamekisomesha miaka mingi, hakuiharamisha ngoma kwa jumla. Alichokiharamisha ni ile yenye kujikatakata na kujilegeza mwili. Wapo wanavyuoni waliokuwa wakali zaidi ya hapo, na mzazi anayefuata kauli zao tumheshimu. Lakini kusema kwamba kila mtoto anayeruka kwa mdundo amefanya haramu, hilo si sawa.

Je, maana yake tuachilie kila kitu? Hasha!

Tuchukue mfano wa chakacha. Mama zetu na bibi zetu waliicheza harusini, leso kiunoni, wanawake kwa wanawake, na mlango umefungwa. Hakuna mwanamume aliyekaribishwa. Leo ngoma hiyo hiyo ya kutikisa kiuno wanafundishwa watoto wa miaka tisa, wakaicheze uwanjani mbele ya wageni wa kiume, na watu wanawapiga picha kwa simu. Wanaambiwa huu ni utamaduni wa Mswahili. Utamaduni wa Mswahili ulikuwa na pazia! Ukiiondoa pazia ukaibakisha kiuno, umechukua nusu ya utamaduni, tena ile nusu isiyokuwa na haya.

Wengine watasema, "Hao ni watoto, hawajabaleghe." Kweli, kalamu haijawaandikia. Lakini tumeamrishwa kuwaamrisha swalah wakiwa na miaka saba, kabla ya kubaleghe, ili wazoee. Haya nayo huzoeshwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo ndugu mzazi, kabla hujamtoa mtoto wako, nenda shuleni ukaulize mambo manne:

1. Ni ngoma gani, na mwili unachezwa vipi?
2. Wanacheza na nani? Wavulana na wasichana wameshikana, au kila kundi peke yake?
3. Watavaa nini?
4. Nani atatazama?

Majibu yakiwa mema, mwache mtoto wako acheze na wenzake. Yakiwa mabaya, kataa kwa adabu, wala usiogope. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Lakini usiishie kwenye kukataa. Mwombee mwanao kazi nyingine, asije akaachwa chini ya mwembe.

Mimi mwenyewe nililijaribu hili baadaye. Shule moja ilikuwa inatayarisha chakacha kwa ajili ya mashindano, na wawili katika kundi walikuwa wanafunzi wangu. Nilikwenda na mama zao. Mwalimu alitusikiliza, lakini ngoma hakuibadilisha, akasema muda umekwisha. Hata hivyo alikubali mabinti wale watoke, akawapa shairi la Kiswahili walighani. Hatukupata yote tuliyoyataka. Lakini watoto wale walisimama jukwaani na hijabu zao, na hawakujiona kwamba dini yao imewanyima kitu.

Na sisi maalim tusijitoe. Ikiwa mtoto anaijua furaha shuleni tu, na madrasa anaijua bakora tu, moyo wake utaelekea wapi? Tuwafundishe kaswida na michezo ya halali, siku ya 'Iyd tuwaache wafurahi.

Baba yule alimrudisha binti yake darasani. Namwomba Allaah Anisamehe kwa zile wiki tatu.

Wa biLlaahi tawfiyq.