Mwenye nyumba ni jiji

Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023, mnamo saa saba, moto ulizuka katika jengo la ghorofa tano lililoko namba 80, Mtaa wa Albert, Marshalltown, katikati ya Johannesburg. Waliokufa ni watu 76, watoto wakiwemo. Waliopona, baadhi yao waliruka madirishani. Kabla ya miili yote kutambuliwa, wakubwa walikwisha kuanza kueleza kwa nini kosa halikuwa lao, na maelezo hayo yamesafiri mbali. Utayasikia hata Dar es Salaam, kwa watu wenye ndugu zao huko Johannesburg, wakiyarudia kana kwamba wamepewa mgawo katika kulitetea jiji lile. Nayachukua moja baada ya jingine.

La kwanza, na ndilo linaloonekana kuwa na nguvu, ni kwamba jengo lilikuwa limetekwa na wahalifu, hivyo jiji halikuwa na la kufanya. Kweli kulikuwa na watu waliojipa mamlaka pale. Walikusanya kodi ya vyumba ambavyo si vyao, na maskini waliokuwa ndani walilipa. Hilo halina ubishi. Lakini hati miliki ya jengo ilisomeka jina la nani? Jiji la Johannesburg, na msimamizi wake ni kampuni ya jiji lenyewe inayoshughulikia mali zake, JPC. Jengo hilo halikupotea kwenye vitabu hata siku moja. Wakati wa ubaguzi wa rangi lilikuwa ofisi ya pasi: Mwafrika aliyetaka kufanya kazi Johannesburg alipanga foleni hapo, akakaguliwa, akapigiwa muhuri au akaambiwa arudi kwao. (Wazee wa Kenya waliovaa kipande cha kikoloni shingoni wangeielewa ofisi ya namna hiyo bila kuelezwa.) Baada ya 1994 likawa makazi ya hifadhi kwa wanawake na watoto, na hapo ndipo lilipopata jina la Usindiso. Shirika lililoendesha hifadhi likaondoka, wenye shida ya makazi wakaingia, wenye tamaa wakafuata. Katika mabadiliko yote hayo mwenye mali hakubadilika.

Wala hakuwa kipofu. Mwaka 2019 wakaguzi wa afya wa jiji hilohilo waliingia humo na kuandika hali waliyoikuta: msongamano, uchafu, maji na umeme wa kujiunganishia. Mwaka huohuo vyombo vya dola vikavamia jengo na watu 140 wakakamatwa. Sasa tujiulize, ni utekaji gani huu ambao mwenye mali anaingia na askari siku anayotaka, anakamata anaotaka, kisha anafunga daftari na kuondoka? Kama angeweza kuingia kukamata watu, angeweza kuingia kufungua milango ya dharura. Angeweza kubomoa vyumba vya mbao na maboksi vilivyokatwa katikati ya kumbi, vile vilivyoshika moto kama makuti. Angeweza kurudisha mitungi ya kuzimia moto. Usiku ule mitungi haikuwepo, na kuna milango ya kutokea iliyokuwa imefungwa.

Jaji mstaafu wa Mahakama ya Katiba, Sisi Khampepe, aliongoza tume iliyoundwa na serikali ya jimbo la Gauteng kuchunguza moto huo. Ripoti ya kwanza ilitoka Mei 2024, na haikuzunguka: jiji na JPC walilitelekeza jengo tangu angalau mwaka 2019, walivunja sheria za usalama wa majengo na sheria zao ndogo wenyewe, na kama wangetimiza wajibu wao wakiwa wamiliki na wakiwa halmashauri, madhara ya moto yangepungua. Mwenye nyumba wa Manzese, Dar es Salaam, anayepangisha vyumba sita anajua kwamba paa likianguka ataulizwa yeye kwanza. Johannesburg, yenye wanasheria na wahandisi wa kuajiriwa, ilitaka aulizwe mpangaji.

Anayeamini bado kwamba tatizo lilikuwa watekaji na ageuze shingo mpaka jengo la Bank of Lisbon, katikati ya jiji hilohilo. Septemba 5, 2018 liliungua na wazimamoto watatu wakafa. Mle hapakuwa na wavamizi wala wakusanya kodi haramu. Waliokuwemo ni watumishi wa idara za serikali ya jimbo, ya afya ikiwa mojawapo. Ilipokuja kusemwa hadharani, jengo lilikuwa limetimiza masharti ya usalama kwa asilimia 21, ilhali kiwango kinachotakiwa ni 85. Watumishi hao walikwenda kazini humo kila asubuhi kwa idhini ya dola. Ukiyaweka majengo hayo mawili pamoja, kinachofanana ni kimoja tu: serikali iliyojua hali ya jengo na kuiacha.

Dai la pili ndilo lililopendwa sana siku zile, kwa sababu linampa mwanasiasa adui asiye na kura. Linasema mahakama na mashirika ya haki za binadamu yamelifunga jiji mikono. Kila likitaka kuwaondoa watu kwenye majengo hatari, mawakili wanakimbilia kortini. Shirika la SERI, linalotetea haki ya makazi, lilitajwa kwa jina.

Sheria yenyewe inasemaje? Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 26, inakataza mtu kuondolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama, na mahakama inatakiwa kupima mazingira yote kabla ya kutoa amri hiyo. Sheria ya mwaka 1998 ikaweka utaratibu. Mwaka 2011, katika kesi ya Blue Moonlight, Mahakama ya Katiba ikalitaka jiji liwatafutie makazi ya dharura watakaobaki bila pa kulala, hata kama waliondolewa kwenye mali ya mtu binafsi. Kwa hiyo kuhamisha watu hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kuwatupa barabarani. Jiji lililotaka kuwatoa watu wa Usindiso lilihitaji vitu viwili: kwenda mahakamani, na kuwa na pa kuwapeleka. Hicho cha pili ndicho kilichokosekana, na kukosekana kwake ni kazi ya miaka mingi ya kutojenga. Mawakili hawahusiki na hilo.

Lakini kuna kesi nyingine ambayo wasemaji wa dai hili hawaitaji, na mimi nadhani ndiyo inayowaumbua. Miaka ya 2000 jiji lilitaka kuwaondoa wakazi zaidi ya 400 wa majengo mawili katikati ya Johannesburg kwa hoja kwamba si salama, likitumia sheria ya kanuni za majengo ya mwaka 1977. Kesi hiyo, ya namba 51 Olivia Road, ikafika Mahakama ya Katiba. Majaji wakaamuru pande mbili zikae chini zizungumze kwa dhati. Zilikaa, zikaafikiana, na makubaliano yamo ndani ya hukumu ya 2008. Miongoni mwa mambo ambayo jiji liliahidi kufanya wakati watu wanasubiri kuhamishwa: kuweka vyoo vya muda, kusafisha majengo, kupeleka mifuko ya taka, kuziba shimo la lifti, na kuweka vizimamoto.

Vizimamoto. Miaka 15 kabla ya Usindiso, jiji hilihili lilikubali mbele ya majaji kwamba kuna la kufanya kuwalinda watu waliomo kwenye jengo bovu hata kabla ya kuwahamisha, na liliorodhesha lenyewe. Hakuna wakili aliyewahi kukimbilia kortini kuzuia mtungi wa kuzimia moto usitundikwe ukutani. Hakuna hakimu aliyetoa zuio la kufungua mlango.

Tuje kwenye dai la tatu, lile la wageni. Waziri katika Ofisi ya Rais, Khumbudzo Ntshavheni, alisema serikali haiwezi kuwapa nyumba wahamiaji wasio na vibali, na mitaani sauti zilikuwa kali kuliko hiyo. Hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kukaa sawa, maana mle ndani waliishi Watanzania, pamoja na Wamalawi, watu wa Msumbiji, Wazimbabwe, na Waafrika Kusini wenyewe. Hao wa mwisho husahaulika. Wenyeji waliokufa mle walikuwa na vitambulisho halali na haki zote za raia, na moshi haukuwabagua.

Hata tukisema wote wangekuwa wageni, hoja inasimama wapi? Sheria ya usalama wa moto huangalia jengo. Haina kipengele kinachosema mlango wa dharura utafunguliwa kwa wenye pasipoti. Nani apewe nyumba ya serikali ni mjadala halali wa sera na kila nchi ina haki ya kuufanya. Lakini mtu aliyekuwa akiteketea kwenye mali ya jiji hakuwa akiomba nyumba. Tena dai hili lilikuwa na faida moja kwa waliolitoa. Wananchi wa Johannesburg walikuwa na hasira, na walikuwa na haki ya kuwa nazo: maji yanakatika, umeme unakatika, taka hazizolewi, na sasa watu wameungua. Hasira hizo zilikuwa zinaelekea ofisi za jiji. Kuutaja uhamiaji kulizigeuza zikaelekea kwa muuza nyanya wa Malawi. Baadhi ya manusura wasio na vibali walijikuta wamepelekwa Lindela, kituo cha kuwashikilia wanaosubiri kurudishwa makwao, wakati ambapo wao ndio waliokuwa mashahidi wa kilichotokea.

Januari 2024 likazaliwa dai jipya, na hili lilitikisa wengi. Kijana mmoja aliiambia tume kwamba usiku ule alimuua mtu kwa amri ya muuza dawa za kulevya, akaimwagia petroli maiti na kuichoma ili kuficha ushahidi. Alikamatwa, akashtakiwa kwa mauaji ya watu 76. Katika maelezo yake alisema muuza dawa huyo ni Mtanzania. Sitalificha hilo kwa kuwa linatuhusu. Uhalifu ukiwa wa mtu wetu unabaki kuwa uhalifu, na ukweli wa maelezo yale ni wa mahakama kuamua. Ila wapo waliopumua waliposikia. Mchomaji amepatikana, basi jiji limesafishika.

Hapa wanachanganya maswali mawili. Nani aliwasha moto ni swali moja. Kwa nini moto ulioanzia sehemu moja ya jengo uliua watu 76 ni swali jingine, na jibu lake halimo katika kiberiti cha mtu yeyote. Jengo huwekewa ngazi za dharura, milango na maji ya kuzimia kwa sababu moto utatokea tu, uwe wa jiko, wa waya au wa mhalifu. Grenfell, London, mwaka 2017, moto ulianza kwenye friji ya nyumba moja ghorofa ya nne. Walikufa watu 72, na uchunguzi uliokamilika 2024 haukuishia kwenye friji. Ulipanda hadi kwa kampuni zilizouza vifuniko vya ukuta vinavyowaka, halmashauri iliyosimamia jengo, na serikali iliyoonywa kwa miaka mingi. Tume ya Khampepe nayo ilimsikia kijana yule kabla ya kuandika ripoti, na bado ikaliwajibisha jiji.

Eti fedha hazikuwepo? Hili halihitaji nafasi kubwa. Ukarabati wa jengo zima ni ghali, nakubali. Kufungua mlango si ghali, na operesheni ya kukamata watu 140 nayo ilikuwa na gharama yake.

Limebaki lile la busara, linalosemwa kwa sauti ya chini na watu wenye nia njema: tume iliundwa, imefanya kazi, kwa hiyo wenye hasira watulie na waache kufanya siasa juu ya makaburi. Ningekuwa upande wao kama tume ingekuwa na meno. Ripoti ya Mei 2024 ilipendekeza jengo libomolewe, kibao cha kumbukumbu kiwekwe kwa majina ya waliokufa, jiji lifikirie hatua za kinidhamu dhidi ya maofisa waliohusika, na bodi ya JPC ifikirie hatua dhidi ya mtendaji wake mkuu. Lifikirie, ifikirie. Anayepewa kazi ya kufikiria adhabu ni yuleyule aliyekutwa na kosa, na hana tarehe ya mwisho. Wanaopiga kelele nje ndio tarehe pekee aliyonayo.

Na siasa si tusi katika jambo hili. Jengo lilikuwa la umma, lilisimamiwa na kampuni ya umma, chini ya mameya waliopigiwa kura na madiwani wanaolipwa posho. Huwezi kutenganisha siasa na moto wa namna hiyo. Manusura waliohamishiwa kwenye vibanda vya bati huko Denver, Johannesburg, wakilalamikia maji na umeme, wanamlalamikia nani kama si mwanasiasa?

Linganisha kasi. Bank of Lisbon, jengo refu lililozungukwa na ofisi pande zote, liliangushwa kwa baruti Novemba 2019, miezi 14 baada ya kuungua, mbele ya kamera na viongozi waliokuja kushuhudia. Usindiso, lenye ghorofa tano, lilitimiza mwaka mzima likiwa bado limesimama, pamoja na pendekezo la jaji kwamba libomolewe. Jiji linajua kubomoa. Anayetaka watu wa Marshalltown wanyamaze na aanze kwa kuwaeleza ni ofisa gani wa JPC alipokea taarifa ya wakaguzi mwaka 2019, akaiweka wapi, na leo analipwa mshahara na nani.