Wazee Wasiinuliwe Kama Magunia

Si wazee wote waangukao huwa peke yao. Wengi huangukia mikononi mwa mtu anayewasaidia: wakitolewa kitandani, wakiketishwa katika kiti cha magurudumu, au wakipelekwa msalani usiku. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ni wa nchi zenye mapato ya chini na ya wastani, kama yetu.

Katika makao ya wazee, kosa kubwa ni haraka. Mzee aliyelala usiku kucha akisimamishwa ghafla, shinikizo la damu hushuka na kichwa humzunguka, hasa ikiwa anameza dawa za shinikizo au za usingizi. Yafaa aketishwe kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika chache, nyayo zikikanyaga sakafu, avalishwe viatu visivyoteleza, wala si malapa, kisha aulizwe kama yu tayari. Kuulizwa huko si adabu tu. Mzee ajuaye kinachotendeka huinama mbele na kujiinua kwa nguvu alizo nazo.

Kosa jingine, ambalo limeenea hata majumbani mwetu, ni kumvuta mzee kwa makwapa. Bega lake huteguka upesi, naye msaidizi huumia mgongo. Ashikwe kwa mkanda mpana uliofungwa kiunoni, na kiti kiwekwe upande wake wenye nguvu, breki zikiwa zimefungwa. Akianza kuanguka hata hivyo, asizuiwe kwa mabavu, bali ateremshwe polepole akiegemea mguu wa msaidizi hadi sakafuni. Wasiojua watauita uzembe.

Ajabu ni kwamba Wakenya wengi waendao Marekani kuwatunza wazee hufundishwa haya huko, kwani sheria ya nchi hiyo ya 1987 hudai mafunzo yasiyopungua saa 75. Je, wazee wetu wana mifupa ya chuma?

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Basi Serikali na wenye makao hayo wawafunze wahudumu kabla ya kuwakabidhi wazee, na waajiri wa kutosha zamu ya usiku. Mhudumu mmoja hawezi kumwinua mzee mzito huku wengine wawili wakimwita.