TAARIFA YA TAWI LA IYUNGA: UKIKAA SERIKALINI, POLISI WANAKUHUSU

Ndugu wanachama wa ACT-Wazalendo, Tawi la Iyunga,



Taarifa hii ni ndefu kuliko tulivyozoea. Tunaomba isomwe hadi mwisho kabla mtu hajaanza kujibu. Atakayeisambaza aisambaze nzima, asikate kipande kimoja na kuacha kingine.

Tangu mwezi wa tano wanachama wametuuliza swali lile lile, wengine kwa simu, wengine wakitusimamisha njiani. Chama chetu kimo ndani ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa kule Zanzibar. Jeshi la Polisi ni moja kwa nchi nzima. Je, haya yanayowapata wapinzani mikononi mwa polisi, na mikononi mwa hao wanaoitwa "watu wasiojulikana", yanatuhusu vipi sisi tulioweka mguu mmoja serikalini?

Kamati ya tawi imekaa na kukubaliana. Jibu letu ni kwamba yanatuhusu, na kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2025 chama kiseme wazi kitafanya nini.

*1. TUANZE HAPA MBEYA*

Agosti mwaka jana, 2024, vijana wa CHADEMA walipanga kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani hapa Mbeya, tarehe 12. Polisi wakapiga marufuku. Kuanzia tarehe 11 wakakamatwa watu zaidi ya 500, wengine wakiwa bado njiani kuja huku. Waliokamatwa ni pamoja na Tundu Lissu, John Mnyika, Joseph Mbilinyi na Freeman Mbowe. Hata waandishi wa habari hawakusalimika. Tulioishi siku zile mjini hatuhitaji kuhadithiwa magari yalivyokuwa yakizunguka.

Usiku wa kuamkia 2 Mei mwaka huu, Mdude Nyagali alichukuliwa nyumbani kwake Iwambi. Iwambi ni majirani zetu. Mke wake ameeleza hadharani kwamba waliovunja mlango walijitambulisha kuwa polisi. Jeshi la Polisi limekana kuhusika. Hadi tunaandika taarifa hii hajulikani alipo.

Wapo watakaosema, "Hao ni CHADEMA, wana viongozi wao." Ndugu, tarehe 1 Desemba 2024 Abdul Nondo, mwenyekiti wa vijana wa chama chetu wenyewe, alitekwa alfajiri kwenye stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, akaja kutupwa ufukwe wa Coco akiwa amepigwa. Miezi mitatu kabla yake, Ali Kibao wa CHADEMA alishushwa ndani ya basi, na kesho yake akakutwa amekufa. Rais aliagiza uchunguzi. Matokeo yake wananchi bado tunayasubiri.

Anayeteka haulizi rangi ya kadi yako, na sisi tusiiulize tunapomtetea aliyetekwa.

*2. MAELEKEZO YANATOKA WAPI*

Neno linalotumika kila mara ni "maelekezo". Chama kinapeleka taarifa ya mkutano kama sheria inavyotaka, saa 48 kabla. Sheria inasema *taarifa*, haisemi *ombi la kibali*. Jibu linakuja: "Subirini maelekezo kutoka juu." Juu kwa nani?

Tuueleze mfumo ulivyo, kwa sababu wengi wanadhani tatizo ni OCD mmoja mkali au RPC fulani.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 147, inamkataza askari kujiunga na chama chochote cha siasa. Anabaki na haki ya kupiga kura tu. Makusudi ya ibara hiyo ni kwamba askari asiwe na bosi wa kisiasa.

Sasa angalieni mkoani. Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais, ambaye pia ni mwenyekiti wa chama tawala. Huyo Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa, ambamo Kamanda wa Polisi ni mjumbe. Huyo huyo anaingia kwenye Kamati ya Siasa ya Mkoa ya CCM. Na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa yeye na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Asubuhi anaweza kuwa kwenye kikao cha kupanga ushindi wa chama chake, na jioni akaongoza kikao cha kupanga ulinzi dhidi ya washindani wa chama hicho.

Sisi tunaoshika vitabu vya fedha tuna kanuni moja ya darasa la kwanza: anayeomba fedha asiwe anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe anayelipa. Ukimpa mtu mmoja kazi zote tatu, huna haja ya kusubiri mkaguzi akuambie kilichopotea. Kwenye ulinzi wa nchi hii kazi hizo amepewa mtu mmoja, na kinachopotea ni watu.

Kwa hiyo hatumlaumu askari wa kawaida. Tunaishi naye mtaa mmoja, tunakopa duka moja, watoto wetu wanasoma darasa moja. Akikataa maelekezo anahamishwa au anapoteza kazi. Tunamlaumu anayempa maelekezo, na pia anayekaa meza moja na mtoa maelekezo bila kuuliza kitu.

*3. "POLISI NI SUALA LA MUUNGANO"*

Hapa ndipo tunapozungumza na viongozi wetu wa juu, kwa heshima lakini bila kuzunguka.

Oktoba 2020 chama chetu kiliyakataa matokeo ya uchaguzi. Desemba mwaka huo huo kikakubali kuingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na tarehe 8 Maalim Seif Sharif Hamad akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Alipofariki Februari 2021, nafasi ikaenda kwa Mheshimiwa Othman Masoud Othman, ambaye leo ni mwenyekiti wetu. Ni zaidi ya miaka minne sasa.

Tunazijua sababu za kuingia na hatuzidharau. Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa Pemba na Unguja walipoandamana. Ni maumivu hayo yaliyowasukuma Wazanzibari kupiga kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambapo zaidi ya asilimia 66 walikubali serikali ya pamoja. Aliyezika ndugu ana haki ya kutaka amani kuliko sisi tunaohesabu kwa mbali. Hatusemi chama kitoke kesho asubuhi.

Tunachokataa ni jibu tunalopewa kila tunapouliza kuhusu polisi: kwamba polisi ni suala la Muungano, Makamu wa Kwanza hana mamlaka nao, basi mambo yameisha. Jibu hilo lina matundu matatu.

Kwanza, ni kweli Polisi wametajwa kwenye orodha ya Mambo ya Muungano. Lakini KMKM, JKU na Chuo cha Mafunzo si vya Muungano. Hizo ni Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, serikali ambayo sisi tumo ndani yake. Wapiga kura wa Zanzibar wanajua vikosi vinavyoonekana mitaani siku za uchaguzi. Kwa hivyo hatuwezi kusema "si vyetu."

Pili, Makamu wa Kwanza ni mjumbe wa Baraza la Mapinduzi. Kutokuwa na amri hakumnyimi mtu mdomo. Anaweza kuuliza kikaoni, akataka jibu la maandishi. Akinyimwa jibu, anaweza kutoka nje na kuwaambia wananchi kwamba ameuliza na amenyimwa. Hilo halihitaji mamlaka juu ya IGP.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Serikali ya pamoja inampa chama tawala kitu ambacho hakiwezi kukinunua sokoni, nacho ni sura njema. Wageni wakija wanaonyeshwa mpinzani aliyekaa kwenye kiti cha Makamu wa Kwanza, wanaambiwa, "Mnaona, sisi ni wamoja." Sura hiyo haiishii Zanzibar. Inafunika na Iwambi. Kama jina letu linatumika kufunika, hatuwezi kudai kwamba yaliyofunikwa hayatuhusu. Ukikubali cheo umekubali na deni lake.

Matamko ya kulaani tumeyasoma, na tunawashukuru viongozi waliolaani utekaji bila kuogopa. Lakini kulaani ni kazi ya aliye nje. Aliye ndani ana kazi ya ziada: kudai, kuweka tarehe, na kuwa tayari kuondoka tarehe ikipita.

*4. TUJIFUNZE KWA JIRANI*

Kenya walipitia njia hii mbele ya macho yetu. Juni 2024 vijana waliandamana dhidi ya muswada wa fedha, wengi wakapigwa risasi, wengine wakatekwa. Wiki chache baadaye wanasiasa wakubwa wa ODM, chama cha Raila Odinga, wakaingia kwenye baraza la mawaziri la Rais Ruto. Tarehe 7 Machi 2025 vyama viwili vikatia sahihi makubaliano ya mambo kumi. Haki ya kuandamana kwa amani na fidia kwa walioumizwa vilikuwemo.

Mwezi huu wa sita, Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyekamatwa kwa ajili ya maandishi ya mtandaoni, amefia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa madaktari ukaonyesha alipigwa.

Tena Kenya wana sheria bora kuliko yetu. Ibara ya 245 ya Katiba yao inasema hakuna mtu anayeruhusiwa kumwelekeza Inspekta Jenerali achunguze nini au amkamate nani, na maagizo ya sera ya waziri lazima yawe ya maandishi. Pamoja na hayo yote, kijana ameuawa huku chama cha upinzani kikiwa mezani. Sahihi peke yake haimzuii askari. Kinachozuia ni mshirika anayejulikana kwamba kweli ataondoka.

*5. TUNACHODAI*

Kamati ya tawi imeazimia kupeleka haya kata na jimbo, ili yafike Halmashauri Kuu ya chama:

(a) Baada ya uchaguzi wa Oktoba, kama chama kitapata tena nafasi ya Makamu wa Kwanza, jina lisipelekwe kabla ya masharti kuandikwa na kutangazwa. Masharti yahusu vikosi vya SMZ siku za uchaguzi, utekaji wa raia, na mikutano ya vyama. Kila sharti liwe na tarehe.

(b) Kiongozi wetu aliye serikalini atoe taarifa kwa wanachama kila miezi mitatu: aliuliza nini kuhusu usalama wa raia, lini, na alijibiwa nini. Mweka hazina wa tawi anasoma mapato na matumizi mbele yetu. Mwenye kiti kikubwa asisamehewe.

(c) Chama kidai Wakuu wa Mikoa na Wilaya waondolewe uwezo wa kuweka watu ndani, na wasikae Kamati ya Usalama na Kamati ya Siasa ya chama kwa wakati mmoja. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023 na kupendekeza polisi wasukwe upya wawe chombo cha huduma. Tuulize utekelezaji wake, kipengele kwa kipengele.

(d) Chama kimtetee kila aliyetekwa au kukamatwa kwa siasa, awe wetu, awe wa CHADEMA, awe hana chama. Hata mwana CCM akionewa, tumtetee.

*6. NA SISI WA TAWINI TUFANYE NINI*

Tusiwaachie wakubwa kila kitu. Tawi linafungua daftari la matukio. Mwanachama au jirani akikamatwa, andika tarehe, saa, mahali, kituo alichopelekwa, na namba ya RB kama ipo. Piga simu kwa katibu mapema, usisubiri kesho. Kwa makosa ya kawaida, aliyekamatwa anatakiwa kupewa dhamana au kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Ndugu zake wasiondoke kituoni kwa kuambiwa "hayupo hapa" bila kuandika jina la aliyewajibu.

Msiposti picha za majeruhi kwenye makundi. Msitukane askari. Msisambaze habari ambayo hamjaihakiki. Tukikosea jambo moja dogo watalitumia kufuta kumi ya kweli.

Kikao cha wanachama ni Jumapili saa 9 alasiri, mahali petu pa kawaida. Azimio hili litasomwa na kupigiwa kura, na asiyekubaliana nalo aje aseme hapo hapo, atasikilizwa. Ila asije na hoja kwamba Iwambi ni mbali na Zanzibar. Kamanda aliyeko Mbeya na aliyeko Pemba wana mkuu mmoja, na mkuu huyo ana aliyemteua. Chama kilichokubali kukaa meza moja na chama cha mteuzi huyo kina wajibu wa kuuliza Mdude Nyagali yuko wapi.

Taifa la Wote, Maslahi ya Wote.

*Katibu wa Tawi, Iyunga*
Kwa niaba ya Kamati ya Uongozi ya Tawi
Juni 2025