Rangi ya jikoni achague anayesugua ukuta

WEWE uliyepokea mshahara wa kwanza ukahama kwa wazazi, nadhani najua ulichofanya ulipopata keja. Kabla hata ya kununua mtungi wa gesi ulikuwa kwenye simu ukitafuta picha za jikoni. Ukaona ukuta wa kijivu, kabati nyeusi, na limau tatu ndani ya bakuli. Ukasema, hapo sasa, ndiyo jikoni yangu.

Kwa maoni yangu, picha hizo zinawapotosha vijana wengi, tena kwa gharama. Mle ndani hakuna aliyewahi kukaanga omena. Hakuna maziwa yaliyofurika, wala mafuta ya chapati yaliyoruka hadi kwenye swichi. Jikoni ni mahali pa kazi, na rangi yake inafaa ichaguliwe na mtu anayejua kazi hiyo, yule atakayeshika kitambaa Jumamosi na kusugua. Nimeona wachumba wakibishana wiki nzima kuhusu rangi, na mwenye sauti kubwa zaidi ni yule ambaye hajui chumvi inakaa wapi. Kama hupiki, bana, chagua rangi ya sebule.

Tuanze na mwanga. Katika ploti nyingi za Nairobi, jikoni ndicho chumba kilichosahauliwa. Kule Pipeline ghorofa zimebanana hadi dirisha lako linatazama ukuta wa jirani. Kwingine linafunguka kwenye koridoa. Kijivu kile kilichopendeza kwenye nyumba yenye dirisha pana kikifika hapo kinafanana na saruji ambayo fundi hakumaliza. Nyeupe na rangi nyingine hafifu hurudisha chumbani sehemu kubwa ya mwanga unaozipiga. Nyeusi na buluu iliyokolea huumeza. Ukipaka rangi nzito kwenye jikoni la aina hiyo utawasha taa saa sita mchana, na tokeni za stima utanunua wewe.

Jihadhari pia na ushauri wa tovuti za Uingereza na Marekani. Huko wanasema chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi, kwa hivyo kipakwe rangi za joto. Kwao ni kweli, maana jua lao la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko karibu na ikweta. Hapa Nairobi, jua la mchana mwezi Juni liko upande wa kaskazini, na Desemba liko kusini. Kinachotuhusu zaidi ni mashariki na magharibi. Jikoni linalotazama magharibi hupigwa na jua kali la alasiri, na ukipaka humo manjano ya kung'aa utapika ukiwa umekunja uso.

Njia ya kujua ni rahisi na haihitaji mtaalamu. Nunua kopo dogo kabisa la rangi unayoitaka, paka kipande cha katoni mara mbili, kiache kikauke kabisa, maana rangi ikiwa mbichi hudanganya. Kisha kiegemeze nyuma ya jiko asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwa imewashwa. Balbu nyeupe inayoelekea ubuluu itaifanya krimu ionekane kama uji uliopoa. Balbu ya njano inaweza kuigeuza samawati ikawa kijanikijani. Afadhali ujue hayo kwenye katoni.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Swali la rangi gani ni dogo kuliko swali la rangi ya aina gani. Rangi ya maji isiyong'aa ni rahisi kupaka, haina harufu kali na bei yake ni nafuu. Lakini uso wake una vitundu vidogo ambavyo mafuta ya kukaangia huzama ndani. Ukisugua kwa sabuni, uchafu unatoka na rangi inatoka nao. Rangi ya mafuta, au ile ya maji yenye mng'ao wa hariri, huufunga uso wa ukuta, na alama ya mafuta unaipangusa tu.

Wenye nyumba wengi wanalijua hili vizuri. Hata hivyo wanapaka jikoni krimu ya maji ile ya bei ya chini kabisa, tena mkono mmoja, halafu siku ya kuhama keateka anakuja na daftari: "Ukuta umechafuka, tutakata ya rangi." Dipoziti yako inaliwa kwa sababu ya ukuta ambao tangu mwanzo haukuweza kuoshwa! Huo si uchakavu ulioleta wewe. Na kijana aliyelipa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti kwa pamoja, mara nyingi kwa kukopa, hana wa kumlilia.

Kwa hivyo fanya hivi kabla hujalipa. Ingia jikoni, lowesha kidole, usugue ukuta karibu na sinki. Kidole kikirudi na unga wa rangi kama chaki, hiyo rangi haitavumilia kitambaa. Piga picha kuta zote siku unayopokea ufunguo, na umtumie mwenye nyumba au keateka kwa simu ili tarehe ibaki. Mwombe ruhusa ya kupaka upya kwa ujumbe wa maandishi, ukitaja rangi na aina yake, na umuulize kama ukihama itabidi urudishe krimu. Wengine watakubali haraka, maana unawatengenezea nyumba bure. Anayekataa, angalau umeshajua unaishi na nani.

Ukipewa ruhusa, pendekezo langu litawachekesha wengine: paka ukuta rangi mbili. Ndiyo, kama dispensari. Kama shule ya msingi. Chini hadi usawa wa kifua, rangi ya mafuta ya wastani, iwe kijani cha majani makavu, udongo, au buluu isiyokolea sana. Juu, nyeupe au krimu inayofika hadi dari. Tumezikejeli kuta hizo tangu darasa la kwanza, lakini aliyezibuni alijua mikono, viatu na maji machafu hugusa wapi. Chini panaoshwa, juu panaleta mwanga. Hata nyanya zetu mashambani magharibi mwa Kenya, wakikandika kuta kwa udongo na samadi, wengi hupaka mkanda wa rangi iliyokolea chini, pale mvua inaporusha matope. Nao hawakuhitaji picha ya mtu.

Isitoshe, wasanifu wakubwa pia walifikiria hivyo. Mwaka 1926, Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jikoni dogo kwa nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Kabati zake zilipakwa buluu kwa sababu iliaminika kwamba nzi huikwepa rangi hiyo. Sitabishana kuhusu nzi. Ninachopenda ni kwamba kabla ya kuuliza kama rangi inapendeza, waliuliza inafanya nini.

Ukienda dukani, usidanganywe na kopo lisilo na jina. Rangi za kung'aa za manjano, chungwa na nyekundu, hasa za mafuta, ndizo zilizokuwa zikitiwa madini ya risasi kwa wingi. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni katika rangi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo wa mtoto, tena kimyakimya. Soma kopo, tafuta alama ya ubora, na kama halisemi lolote kuhusu risasi, lirudishe. Ukuta wa zamani unaobanduka usiupige msasa mkavu, hasa kama kuna mtoto au mwanamke mjamzito nyumbani. Uloweshe kwanza, na vumbi ulizoe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia.

Hesabu nayo si ngumu. Jikoni la mita mbili kwa mbili na nusu, lenye kimo cha mita mbili na nusu, ukiondoa mlango, dirisha na kabati lina takriban mita 16 za mraba za kupaka. Lita moja hufunika karibu mita 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni kama lita tatu na kidogo. Kopo la lita nne linatosha, na ukitumia rangi mbili, jumla ni ileile. Fundi akikuambia ununue ndoo ya lita 20, muulize nyingine anapeleka kwa nani.

Kabla ya brashi kugusa ukuta, osha masizi na mafuta yote kwa maji ya moto na sabuni, uache ukauke. Ukipaka juu ya mafuta, rangi itabanduka. Ukipaka rangi ya maji juu ya masizi, madoa ya hudhurungi yatajitokeza tena, hata upake mikono mitatu. Panapokataa, pitisha kwanza andakoti ya mafuta.

Rangi itakayobaki usiitupe. Imimine kwenye chupa ya kioo, ufunge kabisa, uandike jina na namba iliyo kwenye kopo. Siku ya kuhama utaihitaji kuziba alama za misumari kabla keateka hajafika na daftari lake.