Sijalewa, Ni Ubongo

Saa mbili asubuhi, stejini. Napanda mathree, nayumba, nashika kiti. Makanga anacheka: "Huyu naye ameanza mapema!" Abiria wanaangua kicheko. Labda hata wewe ulikuwemo.

Sijaonja pombe. Nina ataksia. Kisogoni kuna sehemu ya ubongo inayopatanisha misuli: mguu ukanyage wapi, mkono ufike wapi, ulimi utamke vipi. Ikidhurika, nguvu unazo lakini mwili haukutii. Ndiyo maana natembea nimetanua miguu na maneno yangu yanaburuta. Kuna wanaorithi hali hii, na kuna wanaoipata baada ya kiharusi. Yangu haina tiba. Mazoezi ya viungo ndiyo yananisaidia.

Chuo niliacha mwaka wa pili. Si masomo yaliyonishinda, ni ngazi: darasa ghorofa ya nne, lifti mbovu muhula mzima.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kutumia usafiri wa umma. Lakini Katiba haipandi matatu. Wewe ndiye tunayepanda pamoja.

Kwa hivyo sikuombi huruma. Ukiniona nayumba, nipishe kiti cha karibu na mlango, kisha mwambie dere angoje nikae kwanza. Ni sekunde chache tu. Na kabla hujacheka, niulize. Nitakujibu polepole, lakini nitakujibu.