PIANO IKO WAPI?



Jumamosi moja jioni mwalimu wetu wa uimbaji alitusikilizisha kwarteti moja ya Haydn, akatugawia na makaratasi ya noti ili tufuate. Ndugu mmoja wa kalasi ya kwanza akainua mkono: «Mwalimu, hapa wameandika piano. Lakini hiyo piano iko wapi? Mimi siisikii.» Watu wote wakacheka, na sisi wakubwa ndio tulicheka zaidi. Tangu siku ile ndugu yule hajarudi katika kwaya. Tunasema wazi: kosa ni letu, si lake.

Maana ulizo lake lilikuwa zuri. «Piano» ni neno la Kiitalia lenye kuonyesha sauti ndogo. Karibu mwaka 1700, katika mji wa Firenze, fundi Cristofori alitengeneza chombo chenye kuweza kulia kwa sauti ndogo, «piano», na kwa sauti ya nguvu, «forte», kufuatana na namna vidole vinavyogonga. Ndiyo sababu kikaitwa pianoforte, kisha watu wakafupisha jina. Ni nani kati yetu wenye kucheka alijua hayo? Hakuna hata mmoja.

Wengine wanasema: tuache maneno haya ya kigeni, ni ya kujivuna tu. Hapo nasi hatukubali. Kwa Waitalia ni maneno ya kila siku. «Andante» latoka kwa neno la kutembea. «Allegro» ni mwenye furaha. «Adagio» ni taratibu. Hata «opus» ni neno la Kilatini, maana yake ni kazi, basi. Na muziki wa chumba unaitwa hivyo kwa sababu ulipigwa ndani ya vyumba vya nyumba, si mbele ya makutano makubwa.

Tuangalie sasa kazi ya maneno hayo. Katika kwarteti kuna violini mbili, viola moja na selo moja. Hakuna mtu wa kusimama mbele na kuongoza kwa mkono. Kila mmoja anapiga sehemu yake peke yake. Kama karatasi yasema «piano» na mmoja anapiga kwa nguvu, mwenzake hasikiki tena. Mwaka 1829 Goethe, mwandishi wa Ujerumani, alifananisha kwarteti na watu wanne wenye akili wanaozungumza pamoja. Basi, maneno haya yaliwekwa ili watu wasikilizane. Na sisi tumeyafanya kuwa maneno ya kuchekana!

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, mbele ya kila mazoezi mwalimu aandike maneno matatu tu ubaoni, na maana yake kwa Kiswahili, ili wote wajue pamoja. Pili, sisi wakubwa tukisikia ulizo la mdogo, tulijibu. Kama hatujui jibu, tunyamaze na kulitafuta pamoja naye.

Na wewe, ndugu wa kalasi ya kwanza, ukisoma haya, utusamehe na urudi. Kiti chako kingali kitupu, na sauti ya alto imepunguka.

Sisi wanakwaya wa kalasi ya sita