Huruma kwa Panya Haiui Mtoto

Mwandishi anayedai kuwa kupunguza wanyama katika utafiti ni anasa ya matajiri, na kwamba watakaoumia ni watoto wetu, aje Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba. Katika maabara ya Ivo de Carneri, kinyesi kidogo hupakwa kwenye kioo, kisha mayai ya mnyoo mjeledi, yenye umbo la pipa, huhesabiwa kwa hadubini. Kipimo hicho hakihitaji mnyama yeyote.

Ipo pia emodepsidi, dawa ya minyoo ya paka. Ilijaribiwa Pemba kwa watu waliokubali wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kuwa miligramu 5 ziliponya takriban 85% ya wenye mnyoo huo. Albendazoli, dawa ya minyoo iliyozoeleka, iliponya 17%.

Atasema: lakini ilianzia kwa wanyama. Kweli, sikatai. Basi yaliyokwisha kujulikana kwa wanyama hao yatumike kikamilifu, wasiuawe wengine kuthibitisha yale yale. Tangu 1959, wanasayansi Russell na Burch walitaka mambo matatu katika majaribio ya wanyama: kutumia mbadala wa wanyama, kupunguza idadi yao, kuboresha majaribio ili wasiteseke. Kuacha utafiti hakumo. Anayepinga, apinge walichosema, asiwazulie.